Kipande Ulichowaachia Madaktari

Mdogo wangu Damari,

Shule ya misheni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, kwa hiyo nitakueleza yangu tu. Bado niko Tabora, nyumba ileile nyuma ya stesheni ambayo ulisema vumbi lake linatosha kupandwa mtama. Shemeji yako amefariki. Magoti yangu hayapendi mvua, na nina miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatambulia watu. Maktaba niliyoitumikia imeniachia kiti changu hata baada ya kustaafu, na asubuhi nyingi ndiko ninakokuwa, nasoma magazeti. Siku hizi magazeti ni mengi. Enzi zetu yalikuwa machache na yalikubaliana kwa kila jambo. Sasa meza haionekani kwa wingi wake, na kila moja lina mwenyewe. Katikati ya siasa na mpira huwa kuna safu ya afya. Hiyo ndiyo ninayoanza nayo.

Ninakuandikia kwa sababu ya sharti ulilowawekea madaktari kule Dar es Salaam. Uliwaachia kipande cha mwili wako, ukasema wakimaliza kukichunguza, majibu yarudi kijijini kwetu Ulaya. Uliondoka bila kuyaona, na mimi nimebaki nikiulizwa yako wapi. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Nina la kukueleza, ila nitakwenda kwa utaratibu, maana hukupenda mtu arukeruke hadithi.

Unakumbuka tulivyohama? Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa upande wa Mikumi, bondeni, ambako leo watalii husimamisha magari kupiga picha twiga. Mpaka wa hifadhi ulipowekwa watu waliondoka nyumba moja moja, na baba akaamua twende Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha hukuhuku Kilosa, kwa wajomba zetu. Mama akasema haendi popote bila mafiga yake. Baba akacheka, akamuuliza kama Ulaya hakuna mawe. "Yapo," mama akamjibu, "lakini hayajanizoea." Akabeba mawili, na la tatu, lile dogo, akakutwika wewe juu ya ngata ya majani. Ulikuwa na miaka kumi. Hukulishusha njia nzima, na kila tuliyepishana naye ulimwambia, "Nahamisha jiko."

Vitovu vyetu, changu na chako, vilibaki kule nyuma ya nyumba ya zamani, chini ya ardhi ambayo sasa ni ya tembo. Mama aliumizwa na jambo hilo kuliko shamba. Kwa watu wetu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi ovyo. Hukabidhiwa udongo wa kwao, ili mwenyewe akija kulala hapo siku moja avikute vyake.

Mimi sikukaa sana Ulaya. Niliolewa na mtu wa reli, treni ikanichukua kwenda magharibi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kurudi nyumbani kwa misiba. Ndiyo maana siwezi kusema ugonjwa wako ulianza lini. Naweza kusema tu siku niliyoujua, nayo ni siku ya kumaliza matanga ya mama.

Lukasi alikuwepo, kama ilivyompasa. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Wao hutuchimbia makaburi, nasi huwachimbia yao, na mchimbaji hupikiwa kuku, na katikati ya kuchimbiana huko hutukanana kwa raha zote. Siku za kawaida alikuwa fundi baiskeli pale gulioni, mikono myeusi kwa grisi. Siku ya msiba wetu alikuwa mfalme. Asubuhi ile alijifunga khanga za mama, akashika fimbo yake, akapinda mgongo kama yeye na kupita uani akiita kuku kwa sauti yake hasa: "Kuruu, kuruu, njooni mle nyie, wanangu wenyewe hawaniletei kitu!" Tulicheka tukashika mbavu. Mchungaji alificha uso nyuma ya Biblia.

Kisha akaja kuketi karibu yako. Ulikuwa umejitenga ukingoni mwa mkeka, nami nilidhani ni huzuni. Akanusa mara moja. Akanusa tena, kwa madoido, pua juu kama mbwa wa mwindaji.

"Jamani," akasema kwa sauti, "kuna ngozi imelowekwa hapa ikasahauliwa?"

Watu wakacheka.

"Mnacheka nini? Ni huyu! Huyu Damari ananuka! Mnamfukizia udi mkidhani mtani hana pua? Mimi ndiye mchimbaji hapa. Malengelenge ya kaburi la mama yenu hayajapona. Kama mnanitayarishia jingine, semeni, nisirudishe jembe kwa mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Mtani hakasirikiwi, na wewe uliijua sheria hiyo, kwa hiyo ulijikaza ukamjibu, "Na wewe unanuka grisi, mtani." Lakini machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Neema, binti yako, aliinuka akaingia ndani bila kumtazama mtu.

Neema alikuwa anajua. Alikuwa akifua vitambaa vyako kwa miezi kadhaa, wala hakuwa na neno la kuutajia ugonjwa wa mahali pale mbele ya mama yake mzazi. Wewe nawe hukuwa na neno la kumwambia mtoto uliyemzaa. Shangazi, wajomba, majirani, wote walikupenda na wote walikuwa wamezibwa midomo na heshima. Ikabidi aseme mtu ambaye kazi yake ni kutukana.

Tuliondoka wawili, tukaenda kukaa kwenye reli, pale pa kungojea treni ya Kidatu, na ukanieleza. Ulikuwa unatoka damu wakati usio wake, kisha maji, kisha ile harufu. Uliwahi kwenda Kilosa mjini. Wakati huo zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena na kila mtaa ulikuwa na yake, yenye msalaba mwekundu mlangoni na kijana mwenye koti jeupe. Alikupa vidonge vya fangasi. Uliporudi alikuchoma sindano. Uliporudi tena alikupa vidonge vilevile vya rangi nyingine. "Dada," ukaniambia, "hata siku moja hakuniambia nipande kitandani anitazame." Ulisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja kwamba mvua haikunyesha.

Safari iliyofuata unaijua kuliko mimi. Kilosa walikutazama, wakakuandikia Morogoro. Morogoro wakakuandikia Dar es Salaam. Pale mapokezi karani alikuuliza unatoka wapi, ukajibu, "Ulaya." Akakutazama kuanzia kilemba hadi ndala. "Haya, na mimi natoka Amerika," akasema. Ulilicheka jibu hilo siku nzima, na wenzako wodini wakaanza kukuita Mzungu.

Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imeshapanda. Walikuwekea alama tumboni kwa wino wa zambarau ili mionzi ijue pa kupiga, ukaniambia umechorwa kama ng'ombe wa mnada. Mwanzoni ulifurahi. Hakuna kisu, hakuna sindano, unalala tu, mashine inanguruma, unaamka unakwenda zako. Maumivu yalikuja baadaye, na kuharisha, na ngozi iliyoungua bila moto. Mimi nilikuwa nimeomba likizo nikaja kukaa nawe, nikawa nalala kwa ndugu wa mume wangu huko Ilala na mchana nashinda kando ya kitanda chako nikikusomea chochote nilichokipata, hata matangazo ya minada na ya viwanja.

Daktari wako alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu. Kila asubuhi aliinama kidogo kabla ya kukugusa. "Shikamoo mama." "Marahaba, daktari, umeamkaje?" Siku moja alikuja bila karatasi zake, akavuta kiti. Akasema wanataka kuujua ugonjwa huu unaanzaje, na wapo watafiti wengi duniani ambao sasa wanaamini kwamba ndani yake mna kirusi. Aliomba ruhusa wakate kipande kidogo cha ule uvimbe, wakiweke ndani ya nta, kidumu, kichunguzwe leo na hata na watu watakaokuja baadaye na vyombo bora.

"Kitanisaidia?" ukamuuliza.

"Hapana, mama. Wewe hakitakusaidia."

"Kitamsaidia nani?"

"Simjui. Labda binti yako. Labda mtoto wake."

Ulianza kukunja ncha ya shuka. Nilidhani unafikiria maumivu ya kukatwa. Kumbe ulikuwa mbali zaidi. "Na nikizikwa," ukasema, "nitazikwa nimepungua?"

Yule msichana alikuwa amesoma mambo mengi, lakini hilo halikuwa mojawapo, na nilimpenda kwa kuwa hakujifanya analijua. Ukamwambia akupe muda, kuna mtu unataka kumwuliza. Hukunitaja mimi. Mimi ni dada yako, na jambo la kaburi lako halikuwa langu kuamua. Lilikuwa la mchimbaji.

Lukasi alifika wiki ileile. Alisema amefuata spoku na matairi Kariakoo, kwa kuwa biashara ilikuwa imefunguliwa na vipuri vimejaa hadi barabarani. Alipita katikati ya vitanda akiwaamkia wagonjwa wote kama mgombea ubunge, akasimama miguuni pako.

"Hee! Bado upo? Jembe nimeliacha kwa mlinzi getini."

"Ningekufa mapema ungekula kuku mapema," ukamjibu. "Ndiyo maana nimekunyima."

"Uchoyo wa ukoo wenu haujaanza leo."

Halafu ukamweleza. Alisikiliza akikuna kidevu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akisikiliza jambo hadi mwisho.

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya hindi."

"Na wewe unaogopa kuja kwangu pungufu."

"Ndiyo."

"Kitovu chako kiko wapi?"

"Unajua kiko wapi, mtani."

"Kiko kwa tembo! Umeishi miaka yote hii kitovu kiko kwa tembo, umelima, umezaa, umenitukana, hujadondoka. Leo unalilia punje?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshaanza kucheka. "Tena hicho si chako. Hicho ni mgeni aliyeingia bila hodi akakunywa damu. Waache wamkamate." Kisha akamgeukia daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni hajui kama acheke au aondoke. "Lakini, daktari, mtu akikamatwa huhojiwa. Mkimaliza kumhoji, majibu yaletwe Ulaya. Msije mkachukua mtu wetu mkanyamaza naye."

"Mzee, majibu yanaweza kuchukua miaka mingi."

"Sisi tulishahama mara moja," Lukasi akasema. "Hatuhami tena. Mtatukuta."

Ukamwita daktari karibu, ukashika mkono wake. "Chukua, mwanangu. Ila ni kama alivyosema. Majibu."

Tulikurudisha nyumbani mionzi ilipofikia mwisho wa uwezo wake. Ulitaka treni, na treni tukapanda. Kilosa tulibadilisha, na behewa la kwenda Ulaya lilikuwa limejaa magunia ya mahindi hata ukalazwa juu yake, ukasema hujawahi kulalia godoro laini namna ile. Mvua za vuli zilikukuta bado upo. Za masika hazikukukuta.

Lukasi alichimba. Alipomaliza kuusawazisha udongo, akasimama juu ya kaburi akiwa bado na jembe mkononi, akawatangazia watu: "Mjue kwamba mtani wangu nimempokea pungufu. Kipande chake kimoja kiko shule, kinasoma. Kikimaliza kitarudi." Watu walicheka huku wanalia; kuna kicheko ambacho hutoka tu, mtu asijue kimetokea wapi. Kuku wake wa utani walimpikia. Hakumgusa. Niliona sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka.

Tangu hapo kila nilipokwenda Ulaya aliniona kwa mbali, akapaza sauti katikati ya gulio, mbele ya wanunuzi na mbuzi: "Mke wa reli! Majibu?" Nami nilitikisa kichwa. Mwaka mmoja nilipopita Dar es Salaam kwa shughuli nyingine niliingia pale hospitalini nikauliza. Daktari wako alikuwa ameshaondoka, amekwenda kufanya kazi nchi za kusini, kama wengi wa umri wake. Nilimkuta bwana mmoja mpole, akaniambia, "Mama, vipande ni vingi, na havikai kwa majina." Sikumlaumu. Nilirudi nje nikasimama juani nikijaribu kukuwazia ukiwa kitu kisicho na jina, ndani ya nta, kwenye rafu, na sikuweza.

Basi nikaanza kuyatafuta mwenyewe, kwa njia pekee niliyoijua. Nilisoma. Magazeti, majarida ya afya yaliyoletwa maktaba kama msaada yakiwa yamezeeka, kitabu cha wauguzi ambacho hakuna aliyekiazima. Mengi sikuyaelewa mara ya kwanza, nikayasoma tena. Nitakuambia nilichokipata, na sitaongeza chumvi.

Kirusi kipo. Wamekihakikisha. Ni kitu kidogo ambacho wanawake wengi hukipata bila kujua, na wengi wao mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki, kikakaa kimya miaka mingi, ndipo kinageuka kuwa kile kilichokuua. Ulipohamisha jiko hakikuwepo. Ulipokuwa unanyonyesha Neema huenda kilikuwepo tayari, nawe hukuhisi kitu. Ile miaka mingi ya ukimya, Damari, ndiyo inayoninyima amani. Muda ulikuwepo. Hakukuwa na wa kuutumia.

Wanajaribu chanjo. Itadungwa kwa wasichana kabla hawajaanza maisha ya utu uzima, ili kirusi kikute mlango umefungwa. Waliojaribiwa wanaonekana kulindwa, ila watafiti wenyewe wanasema subirini. Naamini itakuja. Nisichokijua ni kama itafika Ulaya. Siku hizi kila kitu hufika kwetu, mitumba, betri, soda za rangi zote, ilimradi kuna anayenunua. Chanjo ya mtoto wa mkulima ataiagiza nani?

Nilisoma pia kwamba ile dawa wanayowapa watoto wenye saratani ya damu ilitokana na ua, lile dogo la rangi ya waridi lililojiotea kandokando ya makaburi ya misheni. Tulikuwa tunalikanyaga tukienda kuteka maji. Na kuna kidonge kipya, cha saratani nyingine ya damu, kinachotafuta chembe zilizoharibika na kuziacha nzima zilizo nzima. Nilikaa na habari hiyo asubuhi nzima nikiikumbuka ngozi yako. Wanaandika kwamba siku moja mwili wenyewe utafundishwa kumtambua adui na kumwinda. Nimezeeka, sidhani nitaiona. Lakini naisoma kama mtu anavyosoma barua za jirani, akifurahi kwa niaba yake.

Na kuna siki. Hii ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote kwa sababu sikuiamini. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, husubiri kidogo, na penye dalili hubadilika pakawa peupe. Hana haja ya maabara, wala ya kungojea karatasi kutoka mjini. Pakiwa padogo, hugandishwa kwa gesi kama ile wanayotia kwenye soda, na mambo yamekwisha. Bado wanaipima njia hii kwa nchi kama zetu, wanahesabu inaokoa wangapi na inakosea wapi. Niliposikia kwamba wauguzi waliosomea kazi hiyo watakuwa Kilosa kwa muda, nilipanda treni.

Neema sasa ana watoto wawili na banda la mitumba sokoni Kilosa mjini. Alinipokea vizuri. "Shikamoo mama mkubwa," akanibeba mzigo, akanipikia. Nilipomweleza kilichonileta akaendelea kukunja mashati.

"Siendi, mama mkubwa."

"Kwa nini?"

"Wakikuta?"

"Ndiyo maana ya kwenda. Wakikuta mapema—"

"Mama alikwenda wakakuta." Akalitandaza shati ambalo alikuwa ameshalikunja. "Naomba tusiongee hayo."

Nilikuwa na majarida matatu ndani ya mkoba, nimeyawekea alama. Sikuyatoa. Niliuona mdomo wangu ukizibwa na kitu kilekile kilichowaziba wote uani kwa mama, na nikajua kwamba ningeweza kukaa pale mwezi mzima nikila chakula chake kizuri na kurudi Tabora bila kitu. Kwa hiyo nikatuma salamu Ulaya.

Lukasi ni mzee sasa, sikio moja limekufa. Alikuja juu ya lori la mahindi. Akatokea sokoni siku ya pili yake, jembe begani, akaja moja kwa moja hadi kwenye banda la mwanao.

"Nimeambiwa kuna mtu hapa anataka kuchimbiwa," akasema kwa ile sauti ya wasiosikia. "Simama nikupime."

"Babu Lukasi, usinianze mbele ya wateja."

"Simama! Mama yako alikuwa mfupi, wewe umerefuka, nisije nikachimba dogo ukanikunjia miguu." Akausimamisha mpini wa jembe kando yake, akaweka alama kwa kidole gumba. "Haya. Nikianza leo nitamaliza Ijumaa. Au unataka kwenda kwanza pale hospitali wanikatalie kazi?"

Wauza nyanya walikuwa wanacheka. Neema akacheka, kisha akafunika uso kwa shati la mtu asiyemjua aliyelivaa nchi asiyoijua, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa nacho tangu uani kwa bibi yake. Tulimngoja. Alipomaliza, akashusha turubai la banda.

Lukasi alikuja nasi hospitali. Alikuwa mwanamume peke yake katika benchi la wanawake.

"Mzee, na wewe umekuja kupimwa?" mmoja akamtania.

"Nimekuja kusikiliza majibu ya mtu."

Neema hakukaa sana ndani. Nilikuwa sijamaliza hata kuifuta miwani yangu vizuri akatoka, anajifunga khanga. Akatuambia wamepaka siki, wakaona mahali padogo pameingia weupe, wakapagandisha. Palikuwa na baridi na tumbo likamsokota kidogo, basi. Arudi mwakani atazamwe tena. Akauliza kama tunataka chai, maana yeye ana wateja, angependa kufungua kabla jua halijawa kali. Akatangulia na njia ya sokoni, akikwepa madimbwi. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye watu, nimekaa palepale kwenye benchi.

"Wamepaka nini?" Lukasi akaniuliza, kwa kuwa hakuwa amesikia vizuri.

"Siki."

"Siki? Hii ya kachumbari?"

"Karibu na hiyo."

Nilingoja mzaha. Haukuja. Alikaa ameegemea mpini wa jembe lake, akitazama mlango ambao Neema alitokea, na mwanamke mwingine akiitwa aingie.

"Basi mbona Damari alikufa?"

Nilimwambia walikuwa hawajajua. Akauliza kama ni wote. Nikamwambia baadhi walikuwa wameanza kujua, huko mbali, na walikuwa wanatafuta, na ndiyo sababu walikiomba kile kipande. Akauliza kama kipande chako kimo katika kupatikana kwa haya. Nilitamani kumjibu ndiyo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba siwezi. Nikamwambia, "Sijui, Lukasi. Hakuna atakayejua. Waliotoa walikuwa wengi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wewe ndiye unayejua kuandika," akasema. "Mwambie yamefika. Na usimdanganye, mwambie yamechelewa."

Basi, mdogo wangu, hilo ndilo nililotumwa. Yamefika kwa binti yako siku ya kawaida, akayachukua na kurudi kazini kwake. Wewe yamekuchelewea, na hakuna hesabu ya watafiti, hata ile ya siku zijazo wanayoiandika kwa matumaini, inayojua namna ya kurudi nyuma kumchukua mtu. Nimejaribu kutafuta mstari wa kukufariji na sikuupata katika chochote nilichosoma. Nimepata tu kwamba ulipoambiwa hakitakusaidia, ulimshika daktari mkono ukampa.

Lala. Nikija tena nitakuja kwa miguu yangu mwenyewe, Mungu akinijalia, na si kwa msiba.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Tabora